Viungo vimetulia, uchovu umebaki: tuulize kuhusu pumzi za usiku

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 47, naishi Tanga. Niligundulika na baridi yabisi miaka tisa iliyopita. Natumia methotreksati kila Jumapili na prednisoloni kila siku. Mikono imepungua kuvimba na vipimo vya damu vya mwisho nimeambiwa ni vizuri, lakini uchovu hauniachi. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kichwa kinauma, mdomo umekauka. Baba watoto anasema siku hizi nakoroma, tena kuna wakati nanyamaza kabisa, halafu nashtuka kama mtu aliyekabwa. Mama mkwe anasema ni jinamizi. Kliniki nimeambiwa uchovu ni sehemu ya ugonjwa, nivumilie. Je, ni kweli?

JIBU: Aliyekuambia kuwa uchovu ni sehemu ya ugonjwa hakukosea. Baridi yabisi, lupasi na magonjwa mengine ambayo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe, yote huchosha, na huchosha hata pale viungo visipokuwa vimevimba. Ninachopinga ni hilo la kuambiwa uvumilie, kwa sababu linafunga mazungumzo mahali yalipotakiwa kuanza. Uvimbe umeshuka, damu imetulia, lakini uchovu umebaki palepale au umezidi. Hapo ugonjwa wa viungo peke yake hautoshi kueleza kinachoendelea, na swali linalofuata halihitaji mashine wala fedha: unapumuaje ukiwa umelala? Wewe umeshalijibu kupitia kwa baba watoto. Kukoroma, kisha kimya, kisha kushtuka kama aliyekabwa ndizo dalili za mtu ambaye njia yake ya hewa inaziba usingizini. Kwangu mimi mstari huo mmoja wa barua yako una uzito kuliko vipimo vyote vya damu ulivyovitaja. Na kuhusu jinamizi, namheshimu mama mkwe, maana wengi wetu tumelelewa na maelezo hayo. Lakini anayekabwa na jinamizi kwa kawaida huwa anajitambua: anaona chumba, anasikia watu, ila mwili haumtii, na hofu ile anaikumbuka asubuhi. Wewe huna unachokumbuka. Aliyeshuhudia ni mwenzako.

Kinachotokea kooni ni hiki. Koromeo halina mfupa wa kulizunguka na kulishikilia; misuli ndiyo inayoliweka wazi, na misuli hiyo hulegea tukilala. Mwenye nafasi ya kutosha haathiriki. Kwa mwenye koo jembamba, pumzi inapovutwa kuta za koo huvutwa nazo mpaka zikakutana, kama mrija laini unaotumiwa kufyonza uji mzito. Kukoroma ni sauti ya hewa inayopita kwa shida. Kimya ni pale isipopita kabisa. Ukimtazama mtu huyo katika kimya hicho utaona kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika, vinapanda na kushuka, lakini puani hakuna kitu. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unaamka kwa sekunde chache bila mwenyewe kujua, misuli inakaza, hewa inaingia kwa mkoromo mkubwa, usingizi unarudi, na mambo yanaanza upya. Madaktari huhesabu kila pumzi iliyokatika kwa sekunde 10 au zaidi, pamoja na zile zilizopungua sana bila kukatika. Zikifika 5 kwa saa tatizo lipo, zikifika 15 ni la wastani, na kuanzia 30 ni kubwa. Mara 30 kwa saa ni mara moja kila dakika mbili, usiku kucha. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa kitandani saa nane na asipate usingizi mzito hata kidogo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yaliwaweka watu wa umri wa miaka 30 hadi 69 wenye tatizo hili duniani kuwa karibu milioni 936, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la nadra.

Mwenye baridi yabisi ana sababu zake za ziada, na hizi ndizo ambazo kliniki nyingi za viungo huzisahau kwa sababu macho yote yako vidoleni na magotini. Gusa mbele ya sikio lako huku ukifungua na kufunga kinywa: hapo kuna kiungo cha taya, na baridi yabisi hukishambulia kama inavyoshambulia vingine. Kikilika kwa miaka, taya la chini husogea nyuma, na ulimi ulioshikamana nalo husogea nyuma pamoja nalo, kuelekea kooni. Watoto waliopata ugonjwa huu wakiwa wadogo wanaweza kukua na kidevu kidogo kwa sababu hiyohiyo. Shuka chini kidogo, kwenye kisanduku cha sauti. Humo kuna viungo viwili vidogo mno vinavyofungua na kufunga nyuzi za sauti, navyo vina utando uleule unaovimba kwenye vidole. Vikivimba au kukakamaa, sauti hukwaruza, na mlango wa hewa hubaki umebana. Nyuma ya hapo kuna shingo. Pingili mbili za juu kabisa zinaweza kulegea na kuteleza, jambo linalobadilisha mkao wa koo, na kwa wachache linaweza kubana sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua. Hao hukatika pumzi kwa njia tofauti: koo liko wazi, ila amri ya kuvuta hewa haiji. Ugonjwa wa Sjögren, unaokausha mate na machozi na mara nyingi kuandamana na baridi yabisi, nao una mchango wake, kwani mate machache na mazito hufanya kuta za koo zikishagusana zichelewe kuachana. Wenye ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo wana shingo iliyoinama mbele na mbavu zisizopanuka vizuri.

Juu ya hayo kuna dawa. Prednisoloni imewainua watu wengi kitandani, nami siisemi vibaya. Lakini ikitumika miaka, hamu ya kula huongezeka, uzito hupanda, na mafuta hupenda kukaa usoni, shingoni na tumboni, kwenye sehemu zilezile zinazobana njia ya hewa. Utafiti wa muda mrefu wa Wisconsin nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionesha kuwa mtu akiongezeka uzito kwa asilimia 10, idadi ya pumzi zinazokatika hupanda kwa takribani asilimia 32, na akipungua asilimia 10 idadi hiyo hushuka kwa karibu asilimia 26. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo saba tu, na kilo saba ndani ya miaka michache ya prednisoloni si jambo la ajabu. Maumivu nayo yanamzuia mtu kutembea, na asiyetembea huongezeka zaidi. Hapa sina budi kuwataja pia wanaonunua unga na vidonge visivyo na maelezo kwa ajili ya viungo, vile vinavyoondoa maumivu kwa siku mbili na kumfanya mtu uso umviringe. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni ndugu wa prednisoloni mwenye nguvu zaidi. Anayeimeza bila kujua ananenepa shingo bila kujua sababu.

Jambo linalonifanya nisikubali neno "vumilia" ni kwamba njia kati ya ugonjwa na usingizi ina pande mbili. Ugonjwa unaharibu usingizi, na usingizi ulioharibika unarudi kuuchochea ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walilijaribu hili kwa watu 27 wenye baridi yabisi na wengine 27 wasio nayo. Usiku mmoja tu waliwekwa macho kuanzia saa tano usiku hadi saa tisa, kisha wakaruhusiwa kulala. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: asubuhi yake wenye baridi yabisi walikuwa na uchovu zaidi, huzuni zaidi na maumivu zaidi, na idadi ya viungo walivyovitaja kuwa vinauma ilipanda. Ikiwa usiku mmoja unafanya hivyo, ni haki kujiuliza miaka ya usingizi unaokatwa kila dakika mbili inafanya nini. Tena oksijeni inayoshuka na kupanda usiku kucha huamsha mwilini kemikali za uvimbe, zikiwemo TNF na interlukini-6, ambazo ndizo dawa mpya za baridi yabisi zimetengenezwa kuzizuia. Kuna jaribio dogo la mwaka 2004, la wanaume wanene wanane tu wenye tatizo la kukatika pumzi: walipopewa etanasepti, dawa inayozuia TNF, usingizi wa mchana ulipungua sana. Watu wanane hawatoshi kujengea tiba, na hakuna anayepaswa kupewa dawa hiyo kwa ajili ya kukoroma. Lakini jaribio hilo linaonesha kuwa uvimbe wa viungo na uchovu wa usingizi vinapita kwenye njia moja ya kemikali.

Daktari mwenzangu anaweza kunipinga hapa, na ana hoja. Atasema tafiti nyingi zinazounganisha magonjwa haya zimetumia madodoso badala ya kupima usingizi wenyewe. Dodoso linauliza kama unachoka mchana. Mwenye baridi yabisi atajibu ndiyo hata kama koo lake halina shida yoyote, na hivyo ataandikwa kuwa yuko hatarini. Hoja hiyo ni ya kweli, ndiyo maana asilimia zinazotajwa hupishana mno kati ya utafiti na utafiti, nami siitegemei hata moja. Watafiti wa Taiwan, wanaotumia kumbukumbu za bima ya afya ya taifa, wameripoti kuwa waliogundulika kukatika pumzi usingizini hupata magonjwa ya kinga kujishambulia kuliko wengine. Hata hapo mtu anaweza kujibu kwamba anayekwenda hospitali mara kwa mara hugunduliwa mengi. Sawa. Hoja yangu haisimami juu ya idadi. Inasimama juu ya mtu mmoja mwenye sababu zinazoonekana za koo kubana, ambaye mwenzake ameshuhudia pumzi ikikatika, na ambaye uchovu wake haufuati hali ya viungo vyake. Kwa mtu huyo udhaifu wa madodoso ni sababu ya kumpima vizuri. Kumwachia uchovu wake kwa kuwa takwimu za wengine hazijakaa sawa ni kumwonea.

Pingamizi la pili hutoka kwa wagonjwa wenyewe: huu ni ugonjwa wa wanaume wanene, mimi ni mwanamke na si mnene kihivyo. Picha hiyo imewakosesha wanawake wengi matibabu. Dodoso linalotumika zaidi duniani, STOP-Bang, lilitengenezwa Toronto na kuchapishwa mwaka 2008 kwa ajili ya watu wanaosubiri upasuaji, na ndani yake mtu hupewa alama moja kwa kuwa mwanaume tu. Mwanamke anaanza akiwa nyuma kwa alama moja kati ya nane. Kisha wanawake mara nyingi hawaji wakilalamika kukoroma. Huja wakilalamika uchovu, kichwa cha asubuhi, kukosa usingizi, moyo mzito, na kwa malalamiko hayo wengi huondoka na dawa za sonona au neno la kuwataka wapumzike. Hatari yenyewe hupanda kuelekea na baada ya kukoma hedhi, umri ambao nawe unaukaribia. Na mwenye taya lililorudi nyuma hahitaji kuwa mnene ili koo lizibe.

Haya yote hayamaanishi kwamba nimeshakugundua ugonjwa kupitia gazeti. Uchovu una wazazi wengi. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, kisukari kilichochochewa na prednisoloni, sonona, na hata siku ya pili baada ya kumeza methotreksati, vyote huchosha, na vingi vyao vinapimika kwa gharama ndogo katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Viangaliwe sambamba na usingizi.

Anza na simu. Mwombe baba watoto akurekodi kwa video ya dakika 10 hadi 15, kifua na uso vikionekana, na afanye hivyo kuelekea alfajiri, kwani sehemu ya usingizi yenye ndoto huzidi saa hizo na ndipo misuli ya koo inapolegea kupita kiasi. Chukua na futi ya fundi cherehani upime shingo; STOP-Bang huanza kuhesabu shingo inayozidi sentimita 40. Nenda na video hiyo kliniki, na useme kwa maneno haya: "Pumzi yangu inakatika usiku, naomba nipimwe." Kipimo chenyewe ni cha kulala umevaa vifaa vinavyohesabu pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni, hospitalini au nyumbani, na kwetu kinapatikana katika hospitali chache kubwa za mijini. Mahali kisipokuwepo, daktari anaweza kuanza na kile kifaa cha kubana kidoleni kilichoenea wakati wa Uviko, chenye uwezo wa kurekodi usiku mzima. Hapo kuna tahadhari. Wenye lupasi au baridi yabisi ambao vidole hupauka na kufa ganzi kwenye baridi hupata majibu yasiyoaminika kidoleni, bora kitumike cha sikioni. Rangi ya kucha iondolewe, na kidole chenye hina nyeusi kiepukwe. Tena vifaa hivi huwadanganya zaidi wenye ngozi nyeusi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kuwa upungufu wa oksijeni uliofichika ulikosewa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya wagonjwa weupe. Kwa hiyo majibu mabaya yaaminiwe, lakini majibu mazuri yasikuondolee shaka iwapo video inasema jingine.

"Na nikikutwa nao, mashine nitaitoa wapi?" Swali hili ni zito kuliko yote, nami silidharau. Tiba kuu tangu mwaka 1981, Colin Sullivan alipoielezea kutoka Sydney, ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kwa presha ndogo kupitia barakoa ili koo lisifumbe. Bei yake ni mzigo kwa familia nyingi, na inahitaji umeme wa uhakika. Uliza bima yako kwa maandishi kabla ya kukata tamaa. Wala nisikuahidi kisichothibitishwa: jaribio kubwa la mwaka 2016, lenye watu 2,717 wenye maradhi ya moyo au mishipa, halikuonesha kuwa CPAP inazuia mshtuko wa moyo au kiharusi. Lakini washiriki waliitumia kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na hata kwa saa hizo usingizi wa mchana ulipungua, na hisia na maisha kwa jumla vikawa bora. Wewe umeniandikia kuhusu uchovu, na kwa uchovu ushahidi upo. Nisichokiona kikizungumzwa ni mikono. Barakoa hufungwa kwa mikanda na vibanio vidogo nyuma ya kichwa. Mwenye vidole vilivyopinda na mabega yasiyoinuka hawezi kuvifunga gizani, akaonekana mkaidi wa tiba. Chagueni mapema barakoa inayovaliwa kama kofia, mikanda ikiwa imeshapimwa. Mwenye kinywa kikavu aombe kifaa cha kulowesha hewa.

Bila mashine pia kuna ya kufanya, hasa kama tatizo ni dogo au la wastani. Lala ubavu, na mto nyuma ya mgongo usirudi chali. Bega likiuma, badilisha upande. Inua kitanda kwa matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa, usirundike mito, kwani mito mingi inapinda shingo na shingo yako haihitaji hilo. Meza prednisoloni asubuhi, maana jioni hukosesha usingizi. Usinunue diazepamu dukani ili ulale, na mwambie daktari kama unatumia tramadoli au kodeini kwa maumivu: ya kwanza hulegeza koo, hizo nyingine hupunguza msukumo wa ubongo wa kupumua. Kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele huwasaidia wengi, ila kwa mwenye kiungo cha taya kilichoumia kinaweza kuongeza madhara. Kitanguliwe na uchunguzi wa daktari wa meno. Kupunguza uzito ni tiba halisi, na daktari wako wa viungo ana sehemu yake hapo, yaani kupunguza prednisoloni kadiri ugonjwa unavyoruhusu. Usiipunguze mwenyewe. Baada ya miaka mingi tezi zinazotengeneza homoni hiyo huwa zimelala, na kuiacha ghafla kunaweza kuua.

Kuna mambo mawili yasiyosubiri miadi. La kwanza, ukipata ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, hisia kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni unapoinamisha kichwa, au sauti kukwaruza pamoja na mlio unapovuta pumzi, nenda hospitali siku hiyohiyo. La pili, ukipangiwa upasuaji wowote, hata mdogo, mweleze mtaalamu wa dawa ya usingizi kabla ya siku yenyewe kuwa una baridi yabisi ya miaka tisa na kwamba pumzi yako hukatika usiku, na shingo ipigwe picha ikiwa imeinama na ikiwa imenyooka. Atabadilisha dawa, namna ya kupitisha mpira kooni, na muda wa kukuangalia baada ya kuamka.